Maprofesa wanne wa sheria na magereza ya Marekani: uanze na yupi?

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu wa sheria aliniuliza swali ambalo nilidhani ni jepesi. Alikuwa anaandaa pendekezo la utafiti kuhusu rangi ya ngozi na haki ya jinai nchini Marekani, muda wake ulikuwa wiki mbili, na alitaka nimtajie kitabu kimoja tu. Nikamtajia kile kinachotajwa na kila mtu, nikaendelea na shughuli zangu. Wiki mbili zilipokwisha alirudi na kurasa nane nadhifu, ambazo katika aya ya pili zilidai kwamba wengi wa wafungwa wa Marekani wamefungwa kwa makosa ya dawa za kulevya. Si kweli. Kosa halikuwa lake peke yake, wala sikuweza kumtwisha mwandishi wa kitabu. Mimi ndiye niliyempa mtu kitabu kabla ya kumuuliza anatafuta nini.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Yanawaweka bega kwa bega maprofesa wanne wa sheria ambao majina yao hayaepukiki katika mjadala huu: Michelle Alexander, James Forman Jr., Paul Butler na Bryan Stevenson. Wote wanne ni Wamarekani weusi, wote walifanya kazi ya uwakili kabla ya kushika chaki, na wote wanakubaliana kwamba nchi yao inafunga watu kupita kiasi na kwamba mzigo huo umewaelemea weusi kuliko wengine. Baada ya hapo kila mmoja anashika njia yake, na asiyejua njia hizo zinaachania wapi hawezi kuchagua vizuri.

Ukubwa wa jambo lenyewe haubishaniwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magereza na mahabusu za Marekani zilikuwa na watu wasiofika 400,000. Mwaka 2008 idadi hiyo ilikaribia milioni 2.3, na sasa imeshuka kidogo tu, iko jirani na milioni 2. Weusi ni takriban asilimia 13 ya raia lakini ni kama theluthi moja ya wafungwa. Ubishi unaanza mtu anapouliza nani alilijenga jengo hili, na litabomolewa kwa nyundo gani.

Nitawapima kwa mambo matano: wapi kila mmoja anaiweka lawama, ushahidi wake anauchota wapi, dawa anayoipendekeza, mahali hoja yake inapovuja, na ugumu wa kumsoma kwa mtu ambaye hakukulia ndani ya mfumo wa Marekani. Umaarufu na tuzo sikuviweka katika mizani. Forman alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2018, na kitabu cha Stevenson kilitengenezwa filamu mwaka 2019, lakini hayo hayamsaidii mtu mwenye wiki mbili.

Lawama inaangukia wapi

Kwa Alexander, mshtakiwa mkuu ni sheria yenyewe. Kitabu chake cha mwaka 2010, The New Jim Crow, kinadai kwamba sheria za ubaguzi za majimbo ya kusini, zilizojulikana kwa jina la Jim Crow, zilipofutwa katika miaka ya 1960, ubaguzi ulitolewa kwa mlango wa mbele ukarudi kwa wa nyuma. Vita dhidi ya dawa za kulevya viliwajaza weusi magerezani, kisha hukumu ya jinai ikawa kibali cha kuwanyima kihalali yale yale waliyonyimwa babu zao: kura, kazi, nyumba za serikali na nafasi ya kuketi katika juri, yaani kundi la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Mfano wake ulio wazi ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986. Gramu 5 za kreki, kokeni ya kuvuta iliyohusishwa zaidi na mitaa ya weusi maskini, zilimpeleka mtu gerezani miaka 5 bila hiari ya jaji. Kwa kokeni ya unga ilihitajika gramu 500 ndipo adhabu hiyo imfikie. Mwaka 2010 Bunge liliupunguza uwiano huo kutoka 100 kwa 1 hadi 18 kwa 1, lakini halikuufuta.

Hata hivyo, sehemu ninayoiona nzito zaidi ni ile anayowageukia majaji. Katika kesi ya McCleskey ya mwaka 1987, mawakili wa mfungwa mweusi wa Georgia aliyehukumiwa kifo walileta mbele ya Mahakama ya Juu utafiti wa takwimu ulioonyesha kwamba uwezekano wa kuhukumiwa kifo kwa aliyeua mzungu ulikuwa mara 4.3 ya uwezekano huo kwa aliyeua mweusi. Mahakama haikuutupa utafiti huo. Iliuchukulia kana kwamba ni sahihi, kisha kwa kura 5 dhidi ya 4 ikasema hautoshi, kwa kuwa mfungwa alipaswa kuthibitisha kwamba katika kesi yake hasa yupo mtu aliyekusudia kumbagua. Msomaji akiielewa kesi hiyo moja ameshaelewa kwa nini Alexander, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa msaidizi wa kisheria wa jaji mmojawapo wa wale wanne waliopinga uamuzi huo, Harry Blackmun, hana imani kubwa kwamba mashauri ya mahakamani peke yake yatavunja kitu.

Forman anaanza na swali ambalo wengi walilikwepa. Kama tatizo ni ubaguzi wa wazungu, vipi kuhusu Washington, mji ambao kwa miaka mingi wakazi wake wengi walikuwa weusi, na baadaye meya, madiwani, wakuu wa polisi na majaji wengi wakawa weusi vilevile, na bado ukawafunga vijana weusi kwa maelfu? Kitabu chake cha mwaka 2017, Locking Up Our Own, kinafuatilia maamuzi ya mji huo moja baada ya jingine. Mwaka 1975, baraza la kwanza la kuchaguliwa lilipokuwa changa kabisa, uliletwa muswada wa kuifanya faini iwe adhabu ya mtu aliyekutwa na bangi, badala ya kifungo. Aliyeuleta alikuwa diwani mzungu. Miongoni mwa waliouzima walikuwamo diwani mweusi mwenye siasa za uzalendo wa weusi na wachungaji wa makanisa ya weusi. Hawakuwa vibaraka wa mtu. Walikuwa wameona heroini ikiwamaliza watoto wa mitaa yao, na walikumbuka enzi ambazo polisi hawakujali mweusi akiuawa na mweusi mwenzake. Forman anasisitiza kwamba viongozi hao waliomba mambo mawili kwa pamoja, yaani polisi wa kuwalinda na fedha za shule, ajira na makazi, nao wakapewa lile la kwanza tu. Ndiyo maana wanaokisoma kitabu hiki kwa jicho la “kikulacho ki nguoni mwako” wanakipotosha.

Butler anaielekeza lawama kwa watu wenye mamlaka ya kukamata na kushtaki. Alipokuwa kijana alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali, naye anaandika kama mtu aliyetoka ndani ya jiko. Katika kitabu chake cha mwaka 2017, Chokehold, hoja yake ni kali kuliko za wenzake wote: mfumo haujaharibika hata useme utengenezwe, bali unafanya kazi ile ile ambayo sheria imeuruhusu kuifanya, na polisi anayemsimamisha kijana mweusi bila sababu ya maana mara nyingi hajavunja sheria yoyote.

Stevenson anarudi nyuma zaidi ya wote. Kwake uzi unaanzia utumwani, unapitia mauaji ya weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu hadharani, unaingia katika ubaguzi wa kisheria na kuishia katika chumba cha mahakama cha leo, ambamo mtu mweusi anaingia akiwa anadhaniwa tayari kuwa na hatia. Juu ya hilo anaongeza umaskini, na hataki kabisa msomaji avitenganishe viwili hivyo.

Ushahidi wanauchota wapi

Hapa ndipo tofauti za tabia zao zinapoonekana, na ningemshauri msomaji asome kurasa chache za kila mmoja hata kama hatakimaliza kitabu.

Alexander ni mtu wa takwimu na maamuzi ya Mahakama ya Juu, lakini kisa kimoja anachokisimulia kuhusu yeye mwenyewe kinauma kuliko takwimu zote. Alikuwa akiongoza mradi wa haki za rangi katika shirika la kutetea uhuru wa raia huko California kaskazini, akitafuta mlalamikaji wa kufungulia shauri dhidi ya polisi wanaowasimamisha weusi ovyo. Akaja kijana mweusi na lundo la karatasi: tarehe, majina na maelezo ya kila mara aliposimamishwa kwa muda wa miezi kadhaa. Ushahidi wa aina hiyo wakili hupewa mara moja katika maisha yake. Katikati ya mazungumzo ikatokea kwamba kijana aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya, na Alexander akamwambia kwamba hawataweza kumwakilisha, kwa sababu mlalamikaji mwenye rekodi angeshambuliwa mahakamani. Kijana alikasirika, akamwambia kwamba naye hana tofauti na polisi, na akaondoka akizichana karatasi zake. Kitabu kizima kinaweza kusomwa kama majuto ya wakili aliyetambua kwamba alama ya hatia ilikuwa imemfunga macho hata yeye.

Forman anachota kwenye kumbukumbu za baraza la mji, magazeti ya weusi ya wakati ule, na miaka yake sita ya kuwa wakili wa utetezi wa umma katika mji huo huo. Anafungua na siku moja ya mwaka 1995. Mteja wake alikuwa mvulana wa miaka 15 aliyekiri kumiliki bastola na bangi kidogo. Forman aliomba aachiwe chini ya uangalizi, mwendesha mashtaka aliomba afungwe. Jaji mweusi, mbele ya mwendesha mashtaka mweusi, karani mweusi na wakili mweusi, alimhubiria mvulana kuhusu enzi za ubaguzi na kuhusu Martin Luther King, ambaye hakufa ili yeye atembee na bunduki, kisha akampeleka katika gereza la watoto. Babake Forman alikuwa kiongozi wa vuguvugu lile lile alilolitaja jaji. Jina la harakati zilizomlea wakili ndilo lililotumika kumfunga mteja wake, na kwa maoni yangu hakuna ukurasa katika vitabu vyote vinne unaolibana swali la rangi kwa ufupi kama huo.

Butler naye ana ushahidi ambao profesa mwingine hawezi kuununua: alishtakiwa. Akiwa bado mwendesha mashtaka, jirani yake waliyegombana kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari alimsingizia kumshambulia, naye akasimama kizimbani katika mahakama ile ile aliyozoea kuwashtaki wengine. Juri ilimwachia huru. Katika kitabu chake cha mwaka 2009, Let’s Get Free, anakiri kwamba hakuokolewa na ukweli peke yake. Alikuwa na fedha za kumlipa wakili hodari, alikuwa na elimu, na alijua jinsi mahakama ile inavyokwenda. Zaidi ya hapo anategemea makala yake ya kitaaluma, hasa ile ya mwaka 1995 katika jarida la sheria la Yale, ambayo nitaigusa hapa chini.

Ushahidi wa Stevenson ni majalada ya wateja wake. Mkubwa wao ni Walter McMillian wa Alabama, aliyeshtakiwa kwa kumuua mwanamke mzungu ilhali siku ya mauaji alikuwa nyumbani kwake, ndugu na waumini wakikaanga samaki wa kuuza kwa ajili ya kanisa, na mashahidi kadhaa wakimwona. Kesi ilichukua siku moja na nusu. Juri ilipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akaipandisha adhabu kuwa kifo, mamlaka ambayo Alabama iliyafuta mwaka 2017 tu. McMillian aliachiwa mwaka 1993 baada ya takriban miaka 6 katika chumba cha wanaosubiri adhabu ya kifo. Kitabu cha mwaka 2014 chenye kisa hicho, Just Mercy, kina takwimu chache, na wala hakizihitaji.

Dawa wanazozitoa

Dawa ya Butler ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi kwa msomaji wetu, kwa sababu inategemea chombo tusichokuwa nacho. Katika kesi za mauaji za Tanzania, kwa miaka mingi jaji alikaa na wazee wa baraza ambao walitoa maoni yao naye akawa huru kuyafuata au kuyaacha, na Kenya iliwafuta wazee hao mwaka 2007. Juri ya Marekani ni kitu kingine kabisa. Ikisema mshtakiwa hana hatia, shauri limekwisha, na hakuna wa kuiuliza imefikaje hapo. Butler, katika makala ile ya mwaka 1995, aliwashauri wajumbe weusi wa juri kuwaachia washtakiwa weusi wa makosa yasiyo na ukatili, kama vile kukutwa na dawa za kulevya, hata kama ushahidi umetimia; kwa makosa ya mauaji, kubaka na ujambazi aliwataka wafuate ushahidi. Pendekezo hilo lina asili ndefu: kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, zipo juri za kaskazini zilizokataa kuwatia hatiani waliowasaidia watumwa kutoroka. Lakini lina kivuli chake pia, kwani juri ya wazungu huko Mississippi ilitumia uhuru huo huo mwaka 1955 kuwaachia wazungu waliomuua mtoto mweusi Emmett Till.

Forman hana dawa moja, na hilo analisema kwa makusudi. Kwa kuwa jengo lilijengwa kwa maamuzi madogo madogo ya watu wengi ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona mchoro mzima, anaamini litabomolewa kwa njia hiyo hiyo: polisi wabomoe kidogo, mawakili wa umma kidogo, waendesha mashtaka kidogo, na waajiri kidogo. Anaongeza sharti ambalo wanasiasa hulikimbia, kwamba mageuzi yawafikie pia waliofanya makosa ya ukatili, kwa sababu ndio wengi. Mwenyewe alishiriki mwaka 1997 kuanzisha shule ya vijana mjini Washington, wakiwemo waliopitia mahakama, na hilo linaonyesha anavyoelewa neno “mageuzi”.

Alexander anataka vuguvugu la umma. Marekebisho ya kipande kimoja kimoja, kwa maoni yake, yatarekebisha mabomba bila kugusa kisima. Alilichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi kwamba mwaka 2016 alihamia katika seminari ya kitheolojia mjini New York, akiamini kwamba swali hili limeshakuwa la kimaadili na kiroho kuliko la kisheria. Stevenson amebaki kwenye majalada, na pia kwenye kumbukumbu. Mwaka 2012, katika kesi ya Miller aliyoitetea mwenyewe, Mahakama ya Juu ilizuia kifungo cha maisha kisicho na matumaini ya kutoka kutolewa kwa lazima kwa waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18. Mwaka 2018 shirika lake lilifungua huko Montgomery makumbusho na mnara wenye majina ya zaidi ya weusi 4,000 waliouawa na makundi.

Panapovuja

Udhaifu wa Alexander ndio uliomkwaza mwanafunzi wangu. Kitabu kinaipa vita dhidi ya dawa za kulevya nafasi kubwa hivi kwamba msomaji wa haraka anatoka akidhani ndiyo jibu lote. Katika magereza ya shirikisho, karibu nusu ya wafungwa kweli wamo kwa makosa hayo. Lakini takriban tisa kati ya kila wafungwa kumi wamo katika magereza ya majimbo, na huko waliofungwa kwa dawa za kulevya ni kama mmoja kati ya saba, huku zaidi ya nusu wakiwa wamehukumiwa kwa makosa ya ukatili. Forman ndiye aliyeliandika hilo mapema, katika makala ya mwaka 2012, tena kwa heshima: alimsifu Alexander kwa kuliamsha taifa, kisha akaonyesha kwamba mlinganisho na enzi za Jim Crow unaficha uhalifu wa ukatili, unaficha tofauti ya kitabaka miongoni mwa weusi, na unaficha sauti za weusi waliotaka adhabu kali. Anayemsoma mmoja wao bila mwenzake amesikiliza upande mmoja wa shauri.

Forman naye anavuja kwenye jiografia. Washington ni mji mmoja, tena wa ajabu, usio jimbo na uliokuwa na weusi wengi madarakani. Msomaji akiibeba picha hiyo kuipeleka Alabama au Texas, atawatwika weusi wasiokuwa na madaraka maamuzi yasiyo yao. Kwa Butler, tatizo ni la kihesabu. Mahakama ya Juu yenyewe ilikwishataja, mwaka 2012, kwamba asilimia 97 ya hukumu za shirikisho na 94 za majimbo zinatokana na washtakiwa kukiri kosa. Juri inaona masalia tu. Isitoshe, wapo wanasheria weusi, Randall Kennedy wa Harvard akiwa mmoja wao, waliopinga wazo la mjumbe wa juri kuamua kwa kuitazama rangi. Stevenson anavuja pale ambapo nguvu yake ilipo: wateja wake wanaokumbukwa zaidi ni wasio na hatia na watoto, na msomaji anaweza kufunga kitabu akiwa na huruma tele kwao bila kuwa na la kusema kuhusu mtu mzima aliyeua kweli. Stevenson mwenyewe analiona hilo na analijibu, lakini machozi ya msomaji huwahi kufika kabla ya jibu.

Ugumu wa kusoma

Stevenson anasomeka kama hadithi, na Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha. Forman anafuata, atakayemsoma ajue kwanza kwamba Washington inaendeshwa kwa kanuni zake. Butler ana lugha ya mtaani na ya muziki wa hip-hop inayochekesha na kuchanganya kwa pamoja. Alexander ana sentensi zilizo wazi lakini sura zake za kati zimejaa kesi za upekuzi na ushahidi, na asiyejua marekebisho ya nne ya katiba ya Marekani atalazimika kusimama mara kwa mara.

Chagua kwa hali yako

Ukiwa na siku chache na hujawahi kusoma chochote juu ya jambo hili, au unataka kitabu cha kusoma pamoja na kikundi cha kanisa, msikiti au shule, chukua Stevenson. Mwanafunzi wa sheria wa Kenya atapata faida ya ziada: akiisoma kesi ya Miller sambamba na ya Muruatetu, ambayo Mahakama ya Juu ya Kenya iliitumia mwaka 2017 kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji, ataona mahakama mbili zikihangaika na kitu kile kile, yaani adhabu isiyomruhusu jaji kumtazama mtu aliye mbele yake.

Anayeandika tasnifu au insha ya kitaaluma aanze na Alexander, kwa sababu mjadala wote unamjibu yeye, kisha asome makala ya Forman ya mwaka 2012 kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Anayefanya kazi katika halmashauri, bunge, polisi au shirika la utetezi, na kila siku anawasikia wananchi wakidai adhabu kali zaidi, atamwona Forman anamhusu kuliko wengine wote. Mabishano ya Washington ya mwaka 1975 kuhusu bangi yanafanana mno na mikutano ambayo huenda yeye mwenyewe ameketi.

Mzazi anayeishi Marekani na mwenye mtoto wa kiume mweusi anayekaribia umri wa kuendesha gari atamhitaji Butler, kwa kuwa Chokehold ina sura nzima ya ushauri wa vitendo kwa anayekamatwa. Kwa familia za Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine ambao hawajawa raia, naongeza angalizo moja: vitabu hivi vyote vinne vinamtazama zaidi raia, ilhali kwa mgeni kukiri kosa dogo kunaweza kumfukuzisha nchini. Tangu kesi ya Padilla ya mwaka 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari hiyo. Muulizeni, tena kupitia mkalimani, kabla ya kutia saini.

Yule mwanafunzi wangu, nilipomuuliza hatimaye swali ambalo ningemuuliza mwanzoni, ikabainika kwamba hakuwa anatafuta habari za wafungwa kabisa. Alitaka kulinganisha makubaliano ya kukiri kosa, ambayo Tanzania iliyaingiza katika sheria mwaka 2019, na jinsi mwendesha mashtaka wa Marekani anavyoyatumia. Kwa swali hilo hakuna hata mmoja wa wanne hawa anayetosha. Nikampa Arbitrary Justice, kitabu cha mwaka 2007 cha Angela J. Davis, profesa wa sheria mjini Washington, ambaye si yule mwanaharakati Angela Davis wa mabango, nikamwonyesha sura zinazohusu mamlaka ya kuchagua mashtaka. Pendekezo lake lilipita. Kitabu changu bado anacho.